Shirikisho halihitaji majimbo yenye mamlaka sawa

Imezoeleka kusema kwamba shirikisho hudumu pale tu majimbo yote yanapopewa mamlaka sawasawa, na kwamba moja likipata zaidi, nchi itameguka. Historia haikubaliani na dai hilo.

Sabah na Sarawak zilipoungana na Malaya kuunda Malaysia mwaka 1963, zilibaki na udhibiti wao wa uhamiaji. Hadi leo raia anayetoka Kuala Lumpur huingia huko kwa masharti. Ajabu kidogo, ndani ya nchi moja!

Quebec, jimbo la Kanada, nayo ina sheria zake za kiraia na mfuko wake wa pensheni. Ni kweli kwamba kura ya maoni ya 1995 nusura iitenge na Kanada. Lakini kabla yake, mwaka 1990, yalikwama makubaliano ya kikatiba ya Meech Lake, ambayo yangeitambua kuwa jamii ya kipekee. Kilichowaudhi wengi huko ni kunyimwa hadhi hiyo, si kupewa.

Na fedha? Tangu 1957, serikali kuu ya Kanada huyapa majimbo yenye uwezo mdogo wa mapato ruzuku ya kusawazisha. Ruzuku hiyo hutoka kwenye kodi za shirikisho. Serikali ya Alberta, jimbo lenye mapato makubwa, haimwandikii jirani hundi, ingawa wanasiasa hupenda kuieleza hivyo.