Je, wajua kwa nini teja aliyeacha unga yuko hatarini zaidi?

Hadithi zetu nyingi za unga hupita njia moja: kijana anaonja, anauza simu ya mama yake, mchumba anaondoka, anakonda, anafia maskani. Nami niliandika moja hivyohivyo. Teja wangu nilimuua Mwanga, hapa Kigoma, akiwa mifupa mitupu, baada ya miaka sita ya kubwia bila kupumzika. Dada mmoja muuguzi akaisoma, akacheka. "Kaka, huyu ungemwacha kwanza apate nafuu, ndipo umuue."

Nilidhani ananitania. Niliamini heroini huua kwa kulimbikizana, kama kutu inavyokula bati. Magonjwa ya kuchangia sindano, UKIMWI na homa ya ini, ndiyo huenda hivyo polepole. Lakini dozi inayozidi haihesabu miaka. Inakata pumzi, na hatari yake hupanda kwa yule aliyekaa bila kutumia: anayetoka gerezani, anayetoka nyumba ya upataji nafuu, anayerudi kwao.

Chukulia ubongo ni mtu aliyeegemea mlango kwa ndani. Unga unasukuma kutoka nje, unapunguza kupumua. Naye anajifunza kuegemea kwa nguvu zaidi, ndiyo maana kete moja huwa mbili, kisha tano. Unga ukikosekana, bado anasukuma, na nje hakuna mtu: kamasi, kuhara, vinyweleo kusimama. Hiyo ndiyo arosto. Wiki zikipita anachoka, anakaa chini. Sasa irudishe dozi ya zamani.

Cha ajabu zaidi, huyo wa ndani husikiliza nyayo. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake, huko Kanada, waliwazoesha panya heroini, kisha wakawapa dozi kubwa. Katika chumba walichokizoea walikufa takriban asilimia 32. Katika chumba kigeni, 64. Dozi ni ileile! Chumba kinachojulikana huutahadharisha ubongo kabla sindano haijaingia. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba: mwaka 1984 Siegel alihoji manusura 10, na 7 wakasema siku ile mazingira hayakuwa ya kawaida. Kumi ni wachache, na aliyezimia si shahidi mzuri sana wa siku yake.

Hadithi nimeiandika upya. Kijana anashuka stesheni ya Kigoma na treni ya Dar, amenenepa, miezi minne hajagusa. Ujiji, mama amemtandikia chumba cha uani, migebuka iko jikoni. Mfukoni ana kipimo chake kilekile cha zamani.