Divisheni 3 ya vyuo vya Marekani siyo daraja la tatu

Juzi kwenye kikao cha sendofu, mwenyekiti hata hajafungua, mtu akasema kijana wetu mmoja kapata chuo Marekani na atacheza futiboli, ule mpira wao wa yai, na chuo chenyewe kiko Divisheni 3. Mjomba akadakia, "Yaani kapanda ndege mbili kwenda kutafuta divisheni thrii? Si angeipata hapa hapa kidato cha nne!" Watu wakacheka, hata mi nilicheka. Aliyeniudhi ni yule wa pembeni, mtu wa mpira haswa, aliyesema kwa upole kwamba siyo mbaya, wakichukua ubingwa wanapanda la pili. Hapo chai ikanipalia.

Kwa kifupi: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, mwaka 1973 kiligawa vyuo vyake mafungu matatu, na fungu la 3 ni la vyuo visivyotoa ufadhili wa michezo. Mwanafunzi anaweza kupunguziwa ada kwa sababu ya maksi zake au kwa sababu kwao hali ngumu, ila siyo kwa sababu anajua kukimbia na mpira. Maana ndo hiyo, hamna kingine.

Kinachotuponza ni kutafsiri divisheni kuwa daraja. Daraja tumelitoa kwenye Kiarabu likiwa na maana ya ngazi, cheo, kitu unachokanyaga ili ufike cha juu yake, ndo maana mtumishi anapanda daraja na timu inashuka daraja. Divisheni asili yake ni Kilatini na maana yake kugawa tu, kama unavyogawa nyumba vyumba, na chumba cha tatu hakiko chini ya chumba cha kwanza. Waliolivuruga ni Waingereza, 1892 ligi yao ya soka ilipoongeza Divisheni ya Pili wakaipanga chini ya ile ya Kwanza, timu zikawa zinapanda na kushuka, sisi tukaja kulirithi neno likiwa limeshageuka ngazi, halafu matokeo ya mitihani nayo yakagongelea msumari. Wamarekani habari ya kupanda na kushuka hawana. Chuo kinachotaka divisheni nyingine kinaomba kuhamia, kinatumia miaka kwenye mpito na kinajipanga kwa hela. Mount Union ya Ohio imechukua ubingwa wa futiboli wa Divisheni 3 mara 13 na bado iko palepale, huku kwetu si ingeshafika Ligi Kuu zamani!

Mfano ninaoupenda ni Sewanee, jina rasmi University of the South, chuo kidogo cha kanisa kilicho juu mlimani Tennessee, ambacho leo kiko Divisheni 3. Mwaka 1899 vijana wake walipanda treni, safari ya kama kilomita 4,000, wakacheza mechi tano na vyuo vitano ndani ya siku sita: Alhamisi Texas 12-0, Ijumaa Texas A&M 10-0, Jumamosi Tulane 23-0, Jumapili wakapumzika maana ndo chuo cha kanisa tena, Jumatatu LSU 34-0, Jumanne Ole Miss 12-0. Hamna aliyepata hata pointi moja kwao. Na enzi hizo hakuna kikosi cha kushambulia na kingine cha kuzuia kama leo, ni wale wale, na kurusha pasi ya mbele ilikuwa marufuku mpaka 1906, kwa hiyo ni kugongana vifua mwanzo mwisho, kesho yake unaamka na mwili huo huo unagongana tena. Msimu wakaumaliza wameshinda mechi zote 12.

1932 ikaundwa SEC, ligi ya vyuo vya kusini mwa Marekani, hiyo hiyo ya kina Alabama na Georgia, na Sewanee ni mmoja wa waasisi 13. Huko walikiona. Wenzao ni vyuo vya maelfu ya wanafunzi, wao mia chache, wakapigwa mechi zote 37 za SEC, kisha 1940 wakajitoa. Na hapa ndo kila anayesimulia anasema "wakashuka daraja". Nani aliwashusha? Hakukuwa na kanuni ya kumshusha mtu, wangetaka wangeendelea kupigwa na wangebaki humo humo. Mkuu wa chuo, Alexander Guerry, ndo hakutaka habari ya kulipa wachezaji, na hizo divisheni zenyewe zilikuwa hazijazaliwa, bado miaka 33. Halafu 1958 na 1963, chini ya kocha Shirley Majors (ni mwanaume huyo), wakamaliza msimu bila kufungwa mechi hata moja. Wakapanda? Wapande waende wapi, walikuwa pale kwa kutaka wenyewe.

Na msije mkaniletea Harvard na Yale. Kweli wako Divisheni 1 na hawatoi ufadhili wa michezo, ila hayo ni makubaliano yao wenyewe na wenzao wa Ivy League, ligi yao ya vyuo vinane.

Kwa hiyo mjomba, shikamoo, kijana hajapata divisheni thrii, yuko Divisheni 3, na ada atasaidiwa kwa maksi zile zile ulizokuwa unazicheka. Na wewe kaka wa mpira, wakichukua ubingwa tutapika pilau, ila hawapandi.