Kompyuta inapotunga melodi na kodi: inachagua vipi?

Ukiona programu ya kompyuta inatoa melodi nzima pamoja na kodi zake kwa sekunde chache, ni rahisi kudhani ni muujiza. Nafundisha utunzi wa muziki chuoni, na wanafunzi huniletea kazi za namna hiyo wakiuliza, "Mwalimu, hii imekaa vizuri?" Kabla ya kuwajibu huwafungulia kwanza tumbo la programu yenyewe, maana asiyejua nota zimechaguliwaje hawezi kuzihukumu.

Tuanze na kodi, yaani nota tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Tuseme melodi yako imefika kwenye nota ya mi. Katika skeli (ngazi ya nota) ya kawaida ya do, yaani do re mi fa so la ti, kodi tatu za nota tatutatu zinaweza kuibeba mi hiyo: do-mi-so, la-do-mi na mi-so-ti. Zote ni sahihi, hakuna itakayogongana na melodi, ila kila moja ina hisia zake. Ya kwanza imetulia, ya pili ina majonzi kidogo, ya tatu kama imening'inia. Programu huamua kwa kutazama majirani: kodi iliyotangulia, nota inayofuata, na uzito wa pigo lenyewe. Iliyotangulia ikiwa so-ti-re, mvuto wa kwenda do-mi-so ni mkubwa, kwa kuwa ti iko nusu toni tu, yaani hatua ndogo kabisa ya kinanda, chini ya do na sikio linaidai ipande. Kwa hiyo programu nyingi zitakuwekea do-mi-so bila kusita. Mtunzi anayetaka msikilizaji ashtuke kidogo angeweka la-do-mi papo hapo. Mimi huwaambia wanafunzi wajaribu zote tatu kwa mkono kwenye kinanda, hata kama programu imeshaamua.

Upande wa melodi, njia ya zamani zaidi ni ya kuhesabu. Chukua kipande hiki kifupi: do re mi do, do re mi so. Hesabu kinachofuata kila nota. Baada ya re daima inakuja mi. Baada ya mi, mara moja imekuja do na mara moja so. Baada ya do, re imekuja mara mbili na do mara moja. Sasa iambie kompyuta irushe dadu kwa kufuata hesabu hizo, nayo itakupa melodi mpya inayofanana na ile ya kwanza. Lakini ikifika so inakwama, kwa sababu haijawahi kuona chochote kikifuata so. Ndiyo maana kompyuta inahitaji kulishwa nyimbo nyingi.

Njia hii inaitwa mnyororo wa Markov, kwa jina la mwanahisabati Mrusi Andrei Markov. Mwaka 1957 Lejaren Hiller na Leonard Isaacson, wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, waliitumia katika sehemu ya kazi waliyoitunga kwa kompyuta, ikapigwa na fidla mbili, viola na selo. Udhaifu wake ni kwamba haikumbuki mbali. Nota mbilimbili zinapendeza, lakini wimbo mzima unazurura wala hautui. Programu za leo za akili mnemba, hasa zilizojengwa juu ya mbinu iitwayo transfoma iliyotangazwa mwaka 2017, hutazama nyuma mbali zaidi, kwa hiyo zinaweza kurudisha wazo la mwanzo pale kiitikio kinaporudi. Hata hivyo msingi ni uleule: kukisia kinachofuata kutokana na kilichowahi kusikika. Ndiyo maana matokeo yake mara nyingi ni ya wastani, na ukitaka lako la kipekee itakubidi uvunje mahali fulani kwa makusudi.

Kabla ya kuchagua programu, angalia inatoa nini. Zipo zinazotoa sauti iliyokamilika, ambayo ni vigumu kubadilisha nota moja ndani yake. Nyingine hutoa faili la MIDI, mfumo ulioanza mwaka 1983, ambao huandika nota kwa namba: do ya katikati ya kinanda ni 60, mi ni 64, so ni 67. Kwa anayejifunza napendekeza hizi za pili, maana ukibadilisha namba moja unasikia mara moja kilichobadilika.

Kuhusu haki, sheria hazifanani. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani haisajili kazi isiyo na utunzi wa binadamu, wakati sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inamtambua kama mtunzi yule aliyefanya maandalizi ya kazi iliyotokana na kompyuta. Hifadhi rasimu zako zinazoonyesha ulibadilisha nini.

Jambo linaloniumiza sikio kuliko yote ni maneno. Programu hutunga melodi bila kujua mashairi yako, na Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache. Mkazo ukihama maana inaweza kuhama nao: ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Chukua neno "nakupenda". Mashine ikiweka nota ndefu na pigo la kwanza kwenye "ku", mwimbaji atalivunja neno hata awe na sauti tamu namna gani. Soma ubeti kwa sauti ukipiga kofi penye mkazo, kisha fungua faili na ufupishe nota mbili za mwanzo ili "na-ku" zipite kabla ya pigo, "pe" itue kwenye pigo la kwanza. Na kodi nayo ibadilike hapohapo kwenye "pe".