Virusi Havionekani, Mchochota Ungalipo

Dhana potofu: "Nilianza dawa za VVU mapema na virusi havionekani tena katika damu, kwa hiyo hakuna kilichobaki mwilini."

Ukweli: Kuanza mapema ni jambo kubwa. Utafiti wa START, uliofuatilia watu 4,685 katika nchi 35 na kutoa matokeo mwaka 2015, ulionyesha kwamba walioanza dawa CD4 zao, yaani seli za kinga ya mwili, zikiwa bado juu ya 500 walipunguza hatari ya ugonjwa mzito au kifo kwa asilimia 57. Lakini VVU hushambulia utumbo tangu majuma ya kwanza, mara nyingi kabla mtu hajapimwa. Huziua seli za CD4 zinazoulinda ukuta wake, na vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu, ambako kinga hupambana navyo bila kupumzika. Huo ndio mchochota sugu. Dawa zilizoanzwa mapema huupunguza sana, ila kwa wengi haziumalizi, na miaka ikipita mchochota huo huichosha mishipa ya moyo.

Dhana potofu: "Ningekuwa na mchochota ningevimba."

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mama mmoja wa Kadutu alivua kiatu mbele yangu, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. "Ona, muganga, shimo halibaki." Mguu wake ulikuwa mzima kweli. Kosa lilikuwa letu sisi wauguzi, tuliomwambia "uvimbe wa ndani" bila kumweleza kwamba mchochota huu hauumi wala hauonekani, na kwamba watafiti huutambua kwa viashiria vya damu kama IL-6 na D-dimer.

Dhana potofu: "Kama dawa haziumalizi, heri nizipumzishe kidogo."

Ukweli: Hili ndilo linalonitisha zaidi. Katika utafiti wa SMART wa mwaka 2006, waliosimamisha dawa kwa vipindi walikufa na kuugua moyo zaidi ya walioendelea, na viashiria hivyo vilipanda ndani ya mwezi mmoja. Waliokatishwa dawa na vita vya mwanzoni mwa 2025 hawana lawama. Warudi kituo chochote kilicho karibu, hata bila kadi.

Mizizi ya "kusafisha damu" haijathibitishwa kuuzima mchochota. Kuacha tumbaku na kutibu presha hupunguza hatari ya moyo, na mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE ulionyesha kwamba pitavastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, huipunguza kwa asilimia 35. Mama yule nilimpima presha siku ileile: 150 kwa 95. Aliniambia hajawahi kufungwa kile kitambaa mkononi.