Msasa hautatengeneza hiyo holda ya taa

"Fundi, si upige tu msasa hapo ndani ya holda, taa itawaka." Hii nimeskia hapa Kisumu mpaka nimechoka, na wanaoileta sana ni wenye magari ya kitambo, Corolla 110, Nissan B13, pickup za Peugeot 504, zile raba ya taa ya nyuma ilikauka zamani na maji inaingia tu. Sawa, ukipiga msasa itawaka, itawaka leo, mvua ikinyesha mara mbili unarudi hapa ukiniambia nimefanya kazi mbaya. Holda, pale balbu inashikwa, ilitoka kiwandani na ngozi nyembamba ya kuzuia kutu, na msasa ndio unaitoa, sasa umebaki na chuma tupu na huu unyevu wa ziwa. Halafu ile springi ya kusukuma balbu ikishapikwa na moto miaka yote inalegea, hakuna msasa wa kuirudishia nguvu.

Na kutu haikai kwa holda peke yake, inapanda na waya chini ya plastiki huku nje ukiona waya mzima. Kata karibu na holda uangalie, shaba imekuwa nyeusi ama ina unga wa kijani. Hapo usiunge! Rudi nyuma kidogo, kata tena, endelea mpaka uone shaba inang'aa. Watu wananunua holda mpya wanaunga kwa waya nyeusi kisha wanalaumu holda.

Kuna wale wa "nimepima, iko volti 12." Umepima balbu ikiwa nje? Basi hujapima kitu. Mita haivuti umeme wa maana, hata waya ikibaki na uzi mmoja itakuonyesha 12. Balbu ya breki ni wati 21, inavuta karibu ampia 1.75, na kutu ikiongeza omu moja tu ya ukinzani kwa njia ya umeme, balbu inabaki na kama volti 10 na nusu, mwanga unapungua kama theluthi. Hizo volti zingine zinageuka moto pale pale kwa kutu, ndio unakuta plastiki ya holda imeyeyuka na mwenye gari anaapa ni balbu feki. Pima taa ikiwa inawaka, pini moja ya mita kwa chuma ya holda, ingine kwa negativu ya betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti athi, yaani njia ya umeme kurudi kwa betri, ni mbaya. Na kama ukikanyaga breki indiketa inang'aa kidogo, pia hiyo ni athi, umeme umekosa njia ya kurudi unapitia balbu jirani, wacha kununua balbu kila wiki.

Mimi gari nzee siiamini athi yake hata ikipima vizuri. Navuta waya mpya mpaka kwa bodi, nakwaruza rangi, nafunga na bolti, napaka rangi juu. Utaniambia ni kazi ya ziada, sawa, lakini hutarudi kwangu.

Na wale wa kuniambia niweke fyuzi kubwa? Fyuzi inalinda waya, ukiweka ya ampia 20 mahali pa 10 waya ndio itachomeka. Balbu ya LED inavuta umeme kidogo kwa hivyo itawaka hata na kutu, lakini kutu inaendelea kula, na indiketa itaanza kupiga haraka haraka. Kusokota waya na tepu nyeusi, tafadhali, joto likipanda gundi inatoka.

Ukienda kutafuta holda ya ex-Japan, ile ya mitumba kutoka Japani, beba ile nzee na balbu yake. Balbu ya nyuzi mbili, ya breki na taa ndogo pamoja, pini zake za pembeni moja iko juu kuliko ingine, ukiilazimisha kinyume breki na taa ndogo zinabadilishana.

Na wale mnamaliza kwa kupaka silikoni taa nzima, mnaziba hata kale kashimo ka chini. Hako ndiko ka kutoa maji.