Tunamuua Kinyonga, Tunamkanyaga Bafe

Utotoni kwetu Muheza, chini ya milima ya Usambara, tulijua kumpiga kinyonga mawe kabla hatujajua kusoma. Ana sumu, tuliambiwa. Tena jike akitaka kuzaa, tumbo hupasuka akafa palepale. Hakuna mkubwa aliyetukalisha chini akatueleza habari za bafe, nyoka mnene mwenye sumu, ambaye ndiye aliyekuwa akilala njiani magharibi ikiingia. Jambo hili linaniuma mpaka leo: viumbe tunaowaogopa kwa masimulizi ndio wasio na dhara, na yule wa kuchungwa tunampita gizani bila hata tochi.

Kinyonga hana sumu. Si kwenye meno, si kwenye ngozi, si kwenye mate. Siku moja mwache apande kijiti umtazame kwa utulivu. Vidole vyake vimeungana mafungu mawili kama koleo. Mguu wa mbele una viwili nje na vitatu ndani, wa nyuma kinyume chake. Jicho moja linakuangalia wewe, la pili linamtafuta nzi. Rangi nayo habadilishi ili kuiga kila anapokaa. Ukimweka juu ya kanga hatatoa maua ya kanga. Rangi hufuata hali yake: baridi, hofu, hasira, kutafuta mwenza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba ndani ya ngozi yake mna fuwele, yaani chembe kama za chumvi lakini ndogo mno, na nafasi kati ya fuwele hizo ikibadilika, mwanga unaorudi hubadilika rangi.

Na tumbo? Halipasuki. Vinyonga wengi hutaga: jike hushuka chini, huchimba shimo, hufukia mayai yake na kwenda zake. Wengine, kama yule wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya, huzaa watoto hai. Mwaka 2006 wanasayansi walipotenga jenasi mpya, yaani kundi la aina zenye undugu, ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki, Usambara ikiwamo, waliipa jina Kinyonga. Neno letu limeingia katika vitabu vya dunia nzima, nasi bado tunaokota mawe.

Kenge naye tumemsingizia. Asiyesikia la mkuu huambiwa ana sikio la kenge, hasikii mpaka damu imtoke. Mtazame kenge wa mtoni, nyuma ya jicho: tundu la sikio liko wazi, na anasikia. Wala hanyonyi ng'ombe usiku, maana mdomo wake haukuumbwa kunyonya. Anachotafuta ni mayai, hata ya mamba. Vifaranga vyako atakula, hilo ni kweli.

Tuje kwa nyoka wenyewe. Wengi wanaamini koboko ni mweusi tii. Ngozi yake ni ya kijivu au ya rangi ya zeituni. Weusi uko ndani ya kinywa, na huuonyesha anapokipanua kukuonya. Hili si jambo dogo, kwa sababu mtu anayesubiri kumwona nyoka mweusi humsogelea wa kijivu bila wasiwasi. Husemwa pia kwamba hukimbiza watu. Mara nyingi analikimbilia shimo lake, na wewe ndiye uliyesimama katikati. Mwendo wake wa kasi kabisa ni kama kilomita 20 kwa saa, tena kwa kitambo kifupi. Ama kuhusu nyoka wa pili kuja kulipiza kisasi cha mwenzake, msimu wa kupandana dume hufuata harufu ya jike. Akitokea pale jike alipouawa, kilichomleta ni harufu.

Sasa bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma. Mnene, mfupi, michoro ya mgongoni imefanana na majani makavu. Watu humwita mvivu, wakadhani mvivu hana madhara. Nyoka wengine wakihisi kishindo cha miguu hukimbia; yeye hutulia, akitegemea kutoonekana. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 huko Afrika Kusini ulikuta kwamba hata mbwa waliofunzwa kunusa walishindwa kumtambua kwa harufu. Lakini ukimkanyaga, hupiga kabla hujainua mguu.

Mama yangu mdogo aliumwa akirudi kisimani magharibi, kandambili miguuni, bila taa. Wakamfunga mguu kwa kipande cha kanga, wakakaza mpaka vidole vikabadilika rangi. Wakachanja kwa wembe. Wakabandika jiwe la nyoka. Alipofikishwa hospitali alfajiri, mguu ulikuwa umevimba hadi pajani na malengelenge yamejaa maji ya damu. Alipona, lakini vidole viwili vilikatwa.

Lile jiwe ni mfupa uliochomwa, wenye vitundu vinavyofyonza unyevu, ndiyo maana linanata kwenye jeraha. Sumu haikai juu ikingoja kufyonzwa. Imeshaingia ndani ya nyama. Mbona basi watu huapa kwamba liliwaponya? Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuimimina. Aliyeumwa hivyo angepona hata kwa kubandikwa kokwa ya embe. Kufunga kwa kukaza ndiko kubaya zaidi kwa bafe, maana sumu yake huozesha nyama, na kamba huifungia mahali pamoja huku ikizuia damu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Dawa ya sumu ipo, hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu hiyo kidogo kidogo, na kazi yake hutegemea sana mgonjwa amefika saa ngapi. Kwa hiyo ulizia mapema ni hospitali gani ya karibu inayo. Aliyeumwa asitembee. Mguu uegemezwe kwenye kijiti kama wa aliyevunjika, abebwe, nyoka aachwe aende. Na kabla ya yote mvue viatu, pete, bangili na kikuku, kwa sababu uvimbe ukishapanda haviondoki tena ila kwa kukatwa.