Si kinga kushuka: kuvu sugu kwenye ngozi ya mguu

Wagonjwa wenye kuvu iliyokaa miaka huniomba kitu kimoja: dawa ya kuongeza kinga. Wameshakunywa mlonge, wameshalamba habasoda kwa asali, na mguu uko vile vile. Huwajibu kwamba kinga yao haijalala. Kwenye kidonda kile imejaa tele; shida ni namna inavyofanya kazi.

Nitaeleza kwa ugonjwa mmoja wa nadra, kromoblastomaikosisi, kwa sababu humo mambo haya huonekana wazi kuliko kwenye choa au fangasi za vidoleni. Unaletwa na kuvu nyeusi zinazoishi kwenye udongo, kuni zilizooza na miiba. Mtu anayelima pekupeku huchomwa, hutoa mwiba, husahau. Baada ya miezi hutoka kipele, kipele huwa chunjua, chunjua huenea polepole hadi juu ya kifundo. Barani Afrika, Madagaska ndiyo iliyoripoti wagonjwa wengi zaidi: kaskazini kwenye mvua hutawala kuvu za jamii ya Fonsecaea, kusini kwenye ukame Cladophialophora carrionii. Kwetu Pemba mguu ukivimba na kukakamaa watu husema matende, na daktari asipoangalia naye huandika matende.

Kuvu ikishapenya, wa kwanza kufika ni nyutrofili, chembe nyeupe zinazomwaga kemikali kali za oksijeni. Lakini ukuta wa kuvu hii una melanini, nayo hupunguza makali ya kemikali hizo. Kisha kuvu hubadili umbo: huacha nyuzi zake na kuwa seli za mviringo, za kahawia, zenye ukuta mnene, zilizogawanyika ndani kwa kuta zinazokingamana. Hizo ndizo tunazotafuta. Juu ya kidonda huwa kuna vidoa vyeusi, mahali ngozi inaposukuma nje damu iliyokauka pamoja na kuvu. Tunakwangua hapo, tunatia potasiamu haidroksaidi, kemikali inayolainisha ngozi ili kuvu ionekane, tunatazama kwa hadubini. Ni kipimo rahisi mno kwa ugonjwa unaoweza kumzungusha mtu miaka kumi.

Baada ya nyutrofili huja makrofaji, chembe kubwa za kinga. Hizi humeza kuvu, mara nyingi zikaizuia isikue, ila kuiua haziwezi. Zikishindwa huungana, kadhaa zikawa seli moja kubwa yenye viini vingi, na pembeni hukusanyika limfosaiti, chembe nyeupe nyingine, na nyuzi za kovu. Mkusanyiko huo ndio granuloma, na ndani yake mna vijipu vya usaha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uvimbe ule ni mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kuvu yenyewe ni kidogo.

Kwa nini basi haiuawi? Jibu linalonishawishi zaidi limetoka kwenye majaribio ya panya. Seli za kinga huitambua Fonsecaea kwa kipokezi, yaani kitambuzi kilicho juu ya seli, kiitwacho Mincle, lakini vipokezi vya Toll, ambavyo kwa kawaida huamshwa pia, hubaki kimya. Kijijini mtu mmoja akipiga kelele za mwizi, watu huchungulia madirishani. Kelele zikitoka pande mbili, kijiji kizima hutoka. Watafiti walipowapa panya dawa ya kuamsha vipokezi vya Toll, kuvu ilisafishwa. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari wamewapaka wagonjwa imikwimodi, krimu inayoamsha kimojawapo cha vipokezi hivyo, wakaona nafuu. Ni wagonjwa wachache, na mimi bado siihesabu kuwa tiba ya kwanza.

Upande wa seli T, aina ya limfosaiti inayoongoza chembe nyingine za kinga, hadithi ni hiyo hiyo. Wagonjwa wenye hali nyepesi hutoa kwa wingi interferoni gama, kemikali ya kinga inayoyapa makrofaji nguvu ya kuua. Wenye hali nzito hutoa zaidi intalukini 10, ambayo kazi yake ni kutuliza. Wote wawili wana kinga inayofanya kazi, na wengi wao hawana Virusi vya Ukimwi wala kisukari. (Wapo watu wachache waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya CARD9, inayopeleka taarifa kutoka kwa vipokezi kama Mincle, kwao hata fangasi wa kawaida wa ngozi anaweza kuzama ndani sana. Hao ni suala jingine.)

Sasa mtu akiniambia aongeze kinga, namuuliza: ipi, ya kuua au ya kutuliza? Mlonge haujui kuchagua.

Kinachonikera zaidi ni krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa dukani bila cheti cha daktari. Mwasho hupungua siku mbili tatu, wekundu hufifia, mtu hufurahi. Steroidi imezinyamazisha seli, na kuvu inaendelea kutambaa chini ya ngozi iliyotulia.

Tiba yenyewe ni itrakonazoli, dawa ya kuvu, miligramu 200 hadi 400 kwa siku, kwa miezi 6 hadi 12 na mara nyingi zaidi. Wengine huongezewa terbinafini, dawa nyingine ya kuvu, au kugandishwa kwa naitrojeni baridi. Kidonda kidogo hukatwa chote. Kikikaa miaka mingi, kovu huziba njia za limfu na mguu huvimba kweli kweli. Na palipobadilika ghafla, pakaanza kuota nyama au kutoa damu, hukata kipande kupeleka maabara, kwa kuwa saratani ya ngozi huweza kuanzia hapo.